Muage mtoto, hata kama atalia

Nina miaka tisa nalea watoto wa watu hapa Kigoma, kituo chetu kipo Kibirizi kwa juu kidogo, ukisimama getini unaliona ziwa na vile vichanja vya dagaa kule chini, na katika hiyo miaka tisa kama mitatu ya mwanzo nilikuwa nawafanyia watoto kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Nilikuwa nawaambia mama zao wakimbie.

Manake ndo tulivyofundishana. Mama anafika saa kumi na mbili asubuhi ndoo iko mkononi, mitumbwi imeshaanza kuingia, mtoto kamng'ang'ania shingoni analia, we unamnyakua unamwambia mama "nenda, nenda, usiangalie nyuma, atanyamaza tu". Au unamzubaisha, unamwonyesha kuku, unampa mpira, akigeuka kidogo unampa mama ishara ya jicho anachomoka. Na kweli mtoto baadae ananyamaza, kwahiyo unaona umefanya kazi nzuri.

Sasa kuna mtoto mmoja wa kiume, alikuwa na miaka miwili na miezi michache, mama yake anaanika dagaa. Siku ya kwanza alikuja mchangamfu tu, hakulia hata. Nikampeleka nyuma ya nyumba kwenye bembea ya tairi, nikamsukuma kidogo, akacheka, mama akatoka. Aliporudi mbele akasimama pale pale mama yake alipokuwa amesimama. Hakulia. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaenda akaangalia nyuma ya simtanki. Kulikuwa na khanga imeanikwa kwenye kamba, akaishika upindo akaifunua akachungulia. Akarudi tena pale mlangoni, akanitazama, hapo ndo akalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha deko kabisa, yaani nilikisikia mpaka tumboni.

Kuanzia siku ile hakukubali kuvua ndala. Alikuwa na ndala za bluu, kila mtoto anavua mlangoni anaingia kwenye mkeka, yeye hapana, ukijaribu kumvua anakunja vidole vya miguu anaibana ndala isitoke. Nilichukua muda kuelewa kwamba kwake yeye kuvua ndala ni kukubali kubaki. Anakaa na ndala zake, mgongo ukutani, uso getini, uji anakunywa macho yako getini. Na kule kwenye bembea hakurudi karibu mwezi mzima, nafikiri alishajua kwamba ukienda kule ukacheka, ukirudi mama hayupo. Mama yake nae akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani haniachi hata niende chooni, usiku analala kanishika khanga, nikijichomoa tu anaamka."

Hapo ndo nikaanza kujiuliza, kwasababu nyumbani hakuwa hivo kabla. Sisi ndo tulimfanya hivo.

Bahati nzuri mwaka huohuo nilipata semina ya walezi ya siku mbili pale mjini. Aliyekuwa anatufundisha, dada mmoja mtu mzima mpole sana, alituuliza swali moja tu. Alisema, wewe mama, umeamka asubuhi mumeo hayupo, kapanda treni ya Dar usiku bila kukuaga, hujui anarudi lini, watu wanakwambia usilie atarudi tu. Akirudi, usiku unaofuata utalala? Ukumbi ukanyamaza. Mi nilimuona yule mtoto wa ndala mbele yangu kabisa.

Akatueleza vizuri. Kwamba mtoto kuanzia kama miezi minane anaanza kumtambua mtu wake na kuogopa akiondoka, na ile hofu inapanda sana akiwa na miezi kumi mpaka mwaka mmoja na nusu hivi, alafu inapungua taratibu mpaka kwenye miaka mitatu. Kwahiyo analia kwasababu amekua, ameshajua kwamba mama ni mtu mmoja tu na hana wa kumbadilisha, ila bado hajajua vizuri kwamba mtu akiondoka anarudi. Hilo la kurudi ni la kujifunza, na analijifunza kwa kuona mama anasema naondoka, anaondoka, anasema nitarudi, anarudi, leo, kesho, keshokutwa. Ukimtorosha mama umemnyima hilo somo, badala yake amejifunza kwamba mama anaweza kuyeyuka saa yoyote, kwahiyo asimtoe machoni.

Kilichonifurahisha ni kwamba mambo haya hayakutoka mbali kama nilivyodhani. Alitwambia kuna mwanasaikolojia anaitwa Mary Ainsworth, ni mmoja wa watu wakubwa kabisa kwenye elimu hii, miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akawa anatembelea familia 26 za Waganda kwenye vijiji vya karibu na Kampala, anakaa nao nyumbani anaangalia tu watoto wadogo na mama zao. Ndo akaona mtoto anavyotambaa kwenda kucheza, anageuka kumcheki mama, anaenda tena mbele kidogo, anarudi. Mama akiwepo mtoto anakuwa jasiri. Yaani hii elimu kwa sehemu imetokea kwenye nyumba za kwetu hizihizi zenye mkeka na mabibi, sio jambo la kizungu la watoto wa kwenye vitabu.

Basi nikarudi kituoni nikawaambia wenzangu hakuna mama kukimbia tena. Walinipinga, nisiwafiche. Mmoja aliniambia "ukiwaaga wote watalia kwa mpigo utawaweza?" Na kweli wiki ya kwanza kilio kiliongezeka. Kiliongezeka sana. Mtoto anayeagwa analia palepale mbele yako, kwa nguvu, ila nilianza kupima kwa saa ya ukutani nikaona kitu, kilio cha kuagwa kinaisha, dakika tano, kumi, robo saa, anajifuta kamasi anaanza kuangalia wenzake wanafanya nini. Kile cha kutoroshwa kinanyamaza haraka ila hakiishi, kinakaa ndani ya mtoto siku nzima, mlango ukilia tu anaruka.

Kuaga kwenyewe kuna namna yake. Kuwe kufupi na kuwe kulekule kila siku. Mama anainama usawa wa macho ya mtoto, anamwambia naenda mwaloni kuanika dagaa, utakunywa uji, utacheza, utalala, ukiamka nakuja. Usimwambie saa nane, yeye hana saa, yeye anajua uji na kulala. Na usimwambie "nakuja sa hivi" wakati unajua unarudi jioni, ni uongo mdogo lakini mtoto anaushika. Alafu unambusu au mnapigana tano au chochote mlichozoea, unaondoka. Ukishaaga umeaga. Tatizo la mama wengi anaaga, mtoto akilia anarudi, anaaga tena, anarudi, mara ya nne mtoto ameshajua kwamba kilio ndo kinamrudisha mama na hapo atalia mpaka sauti iishe, na sio ujanja, angekuwa mtu mzima nae angefanya hivohivo.

Kuna wale wanaojificha nje ya fensi. Hawa nawaelewa kuliko wote. Anasimama pale anasikiliza, machozi yanamtoka, na mtoto ana masikio jamani, mama akikohoa tu nje mtoto ndani anaanza upya. Kwa hao tulianza utaratibu wa kubipu. Namwambia mama, we nenda kazini kwako, akitulia tu nakubipu mara moja, usipokee, ujue ameshatulia anacheza. Wengi wana kitochi, hayo mambo ya kutumiana picha WhatsApp hayapo, lakini kubipu hakuhitaji bando. Mama mmoja aliniambia alikuwa anaiweka simu kifuani anaanika dagaa huku anasubiri itetemeke, na ikitetemeka anawaambia wenzake "katulia!" na kichanja kizima wanafurahi. Mpaka leo nafanya hivo, nina daftari la namba ukutani.

Sasa ile semina ilitufundisha pia kwamba mtoto mpya asiachwe siku ya kwanza, kule Berlin Ujerumani wana utaratibu ambao mzazi anakaa na mtoto kituoni siku tatu za mwanzo bila kumwacha kabisa, siku ya nne ndo anamuaga anatoka muda mfupi tu, sio zaidi ya nusu saa, anarudi, wanaangalia mtoto kapokeaje. Nikasema ni kitu kizuri, ila mama wa Kibirizi anazitoa wapi siku tatu? Dagaa hawasubiri, jua likishatoka kama hujaanika wanaharibika na hela ya siku imeenda. Wale walioajiriwa angalau wana likizo ya uzazi ya siku 84, huyu wa dagaa likizo yake ni nani anampa?

Jibu nililipata kwenye mwezi. Wanaoishi hapa wanajua, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwaka sana taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Siku za mbalamwezi baba yupo nyumbani, mama yupo nyumbani, mwaloni kumepoa. Nikaangalia daftari langu la mahudhurio nikakuta kitu ambacho nilikuwa nakiona miaka yote bila kukiona, kwamba zile siku watoto wanalia kama wageni wakati walishazoea, ni zile siku za mwanzo wa giza. Mtoto kakaa na baba na mama siku kadhaa, analala katikati yao, alafu ghafla baba kaenda ziwani usiku, mama kamwamsha alfajiri anamleta kwangu. Kwake ni kuachwa na wawili kwa mpigo! Na sisi tulikuwa tunasema "huyu kadekezwa nyumbani".

Kwahiyo tukabadilisha vitu viwili. Mtoto mpya tunamwandikisha mbalamwezi, mama anakuja nae anakaa kwenye mkeka, anachambua mchele wake au anasuka, mtoto anacheza anarudi anamgusa goti anaenda tena, siku ya nne mama anaaga anaenda mpaka dukani anarudi, siku inayofuata anaenda saa moja, giza likiingia mtoto ameshaona mama ameondoka na kurudi mara kadhaa. Na wale wa zamani, siku ya kwanza ya giza tunaichukulia kama siku ya kwanza ya shule, walezi wote tunawahi, hakuna mgeni, hakuna somo jipya, kila mtoto anapokelewa na mlezi wake aliyemzoea. Hilo la mlezi mmoja nalisisitiza sana, mtoto hawezi kuzoea "kituo", anazoea mtu.

Ngoja nikuambie na nilipokosea. Kuna binti mdogo mama yake alimwachia kipande cha khanga yake, analala nacho, anakinusa, na kwakweli kilinuka, dagaa, moshi, na mawese yaliyoganda pembeni. Ijumaa moja nikakionea huruma nikakifua kwa Omo nikakianika kikakauka vizuri, cheupe, kinanukia. Jumatatu nikampa. Akakiweka puani, akakitoa, akakiangalia, akakirudisha puani tena, alafu akakitupa chini akalia siku nzima. Nilikuwa nimemfua mama yake. Ilibidi mama akivae kichwani wiki nzima mwaloni ndo akirudishe, na tangu hapo nilishawaambia walezi vipande vya khanga havifuliwi kwetu, vinafuliwa nyumbani na mama kwa muda wake.

Na kuna yule wa Kibembe. Familia ilikuwa imetoka upande wa pili wa ziwa muda si mrefu, mtoto Kiswahili hana, mi mwenyewe nimezaliwa Tabora, Isevya, Kibembe sijui hata kidogo. Alikuwa analia anarudia neno moja, tukawa tunamwambia "mama atakuja, mama atakuja", na tukimwambia hivo anazidi. Siku ya nne nikamuuliza mama yake lile neno lina maana gani, akashtuka, akaniambia, "Dada, hilo ni jina la dada yake." Kumbe mama alikuwa mtu wa mizunguko ya biashara tangu zamani, aliyembeba mgongoni tangu mchanga ni dada yake wa miaka kumi, na dada ndo alikuwa ameanza shule wiki hiyohiyo. Tulikuwa tunamfariji kwa mtu asiye sahihi siku nne. Jumamosi tukamwomba dada aje, akakaa nae kwenye mkeka, akatufundisha wimbo wao na maneno kumi ya Kibembe, maji, chooni, njaa, lala, dada atakuja. Tangu siku hiyo kwenye fomu ya kuandikisha nimeongeza swali, nani anambeba mtoto huyu? Wengi majibu yake sio mama. Ni bibi, ni shangazi, ni dada. Na huyo ndo wa kuja kukaa kwenye mkeka.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mama hawana kazi, hela ya kituo inatoka wapi, wakawatoa watoto, tukabaki na sita. Uvuvi ulipofunguliwa wakarudi karibu wote ndani ya siku mbili, na wote ni kama wapya, wengine walikuwa wameshasahau hata choo kilipo, walezi tupo watatu, kila kona kilio, mmoja akianza wanaitikia. Niliumia sana siku zile kwasababu nilijua cha kufanya na sikukifanya. Ile miezi mitatu ningewaambia mama walete watoto mara moja kwa wiki, bure, saa moja tu wacheze waondoke, uzi usikatike. Sa hivi mtoto akiugua wiki mbili, au familia ikienda msiba Kasulu, nawaambia wampitishe getini siku moja kabla hajarudi rasmi, anisalimie tu, aone mkeka upo na tairi lipo.

Akina baba nao wanaleta, tena nawapenda wanaoleta. Ila wapo wanaosema "mwanaume halii". Nikamwambia mmoja kwa heshima, baba, huyu ana miaka mitatu, leo analia kwasababu anakupenda, ukimkataza atajifunza kukuficha. Alinyamaza akaondoka. Kesho yake akachuchumaa akamwambia mwanae "najua utalia, baba anarudi", akafuta macho haraka akapanda bodaboda. Na vitisho sitaki kabisa pale kwangu, sijui ukilia mama harudi, sijui tutakupeleka kwa polisi, mlezi akisema hivo nakaa nae chini siku hiyohiyo.

Kingine kinachowaumiza mama ni jioni. Mtoto kashinda vizuri, kala, kacheza, mama akitokea tu getini mtoto anaangua kilio au anajirusha chini au anamgeuzia mgongo. Mama anafikiri mtoto kateswa, au kamchukia. Hapana. Kajikaza siku nzima, sasa amemuona mtu ambaye anaweza kulegea mbele yake. Mbebe tu, usimuulize maswali, nenda nae taratibu nyumbani, hata kama anakojoa kitandani wiki za mwanzo wakati alishaacha usimpige.

Ila sio kila kilio ni cha kuzoea, hilo nalo lazima niliseme. Wiki zinapita mtoto hali, hachezi, halali, anadhoofika, huyo apunguziwe masaa au arudi nyumbani kwanza, na apelekwe akapimwe, hapa kwetu malaria inajificha kwenye mambo mengi. Na mtoto aliyekuwa ameshazoea vizuri alafu ghafla anaogopa kituo au anamwogopa mtu fulani, usimwambie mzazi atazoea. Muulize, mwangalie mwili, msikilize, na afisa ustawi wa jamii yupo, aambiwe.

Yule wa ndala nilianza nae upya. Nilimwita mama yake mbalamwezi, akaja akakaa siku tatu, na mimi nikachuchumaa mbele ya mtoto nikamwambia siku ile nilikupeleka kwenye bembea mama akaondoka hujaagwa, nilikosea, sitarudia. Sijui alielewa kiasi gani. Siku ya sita alivua ndala moja, akaishika mkononi mpaka jioni. Baada ya wiki mbili zote mbili zilikuwa mlangoni, zimepangwa, na kuaga kwake ikawa yeye ndo anafunga geti, mama akishatoka anasukuma kile kibati mpaka kilie kwa! ndo anageuka.

Sa hivi yupo darasa la pili. Mwezi uliopita alimleta mdogo wake wa kike, mama alikuwa ameshatangulia mwaloni. Nikamwona kavua begi kaliweka chini, kachuchumaa, kamshika mdogo wake mashavu anamwambia utakunywa uji, utacheza na tairi, utalala, ukiamka mama anakuja, mi natoka shule nakuja pia. Kengele ya shule yao ilishagonga, tunaisikia kutoka kwetu. Hakuondoka mpaka mdogo wake alipomtazama. Alafu akakimbia, mtoto akalia, nikampokea.